Kahawa Aliyoichagua Severina

Mimi sikumpenda shemeji yangu Joel akiwa hai, na sikuanza kumpenda alipokufa. Nasema mapema ili anayetaka habari za marehemu mwema azitafute kwa mwingine. Msibani kwake, Masasi, nililia kweli, lakini nilikuwa namlilia dada yangu Severina. Alikaa mkekani pamoja na wanawake wenzake, kanga imemfunika kichwa, macho makavu, na kila gari kubwa lilipopita barabarani aliinua uso kidogo. Nilijua anasikiliza nini. Ilikuwa siku ya basi la Songea, na basi la Songea ndilo lililomletea kahawa miaka yote ile.

Kwetu Newala hatulimi kahawa. Uwanda wetu ni wa mikorosho, mihogo na mbaazi, na mtu akitaka kahawa hununua ya unga dukani, anaikoroga kwenye maji ya moto na maisha yanaendelea. Severina alikulia hapo, akaolewa hapo, na kwa muda mrefu wa ndoa yake alibaki hapo hapo na binti yake Glory, akipalilia mikorosho ya mama yetu. Mumewe alikuwa mtu wa kuja likizo, kukaa wiki chache na kuondoka.

Joel alikuwa mtoto wa katekista wa Lulindi, wa ukoo uliobatizwa tangu enzi za misheni, na hakukubali mtu yeyote asahau hilo. Ujana wake aliumalizia Dar es Salaam akiwa mpishi wa mhandisi mmoja Mwitaliano. Mhandisi alipofunga virago kurudi kwao alimwachia mashine yake ya espreso: lichuma zito linalong'aa, lenye mpini wa kubania kahawa iliyosagwa na mrija wa kupulizia mvuke kwenye maziwa. Joel alisafiri nayo mpaka Masasi ameipakata magotini kama mtoto mgonjwa. Akajenga nyumba nyuma ya soko, akamwita mkewe ateremke kutoka Newala, na ndipo wale wawili walipoanza kuishi pamoja kila siku, wameshazeeka nusu, hawajuani vizuri.

Mwanzoni, lazima nitende haki, alimfundisha kwa upole. Kahawa ya mashine ile si kahawa yoyote, alimwambia. Iliyokaangwa juu juu ikipita mle hutoka chachu. Iliyoungua mpaka punje zinang'aa mafuta huwa chungu, na tena huziba kinu cha kusagia. Iliyokaangwa leo haifai leo, iachwe kwanza itulie. Iliyokaa dukani mpaka haijulikani ilikaangwa lini nayo ni vumbi tu. Na kwa kuwa yeye alikunywa kapuchino, kikombe kikubwa chenye maziwa ya wafugaji wa Nanganga, alitaka kahawa nzito isiyopotelea kwenye maziwa: ya Mbinga iwe nyingi, ya Bukoba kidogo kwa ajili ya povu. Kuchagua ndiyo kazi yenyewe, alisema, kwa sababu mashine haichagui, inakamua tu ulichoipa. Kazi hiyo akamkabidhi Severina. Dada yangu aliifurahia. Alinipigia simu akanieleza habari za povu la rangi ya asali mpaka salio likamwishia.

Kisha ikaja buni ya Mbinga, mbichi kabisa, zawadi kutoka kwa rafiki wa Joel wa kanisani. Joel akawaalika wazee wa kanisa waje waonje baada ya ibada, akamwagiza mkewe aikaange. Hakumwambia aikaangie kwenye nini, na Severina alikuwa amekaanga kitu kimoja tu maisha yake yote. Akatoa bati la korosho.

Mtu wa kwetu ameshajua. Ganda la korosho lina mafuta yanayobabua ngozi, na ndiyo maana tunakaanga nje, juu ya bati kuukuu lenye matobo, mafuta yakitiririka na kuwaka, nasi tukisimama mbali na fimbo ndefu. Severina alilisugua bati lile kwa mchanga na majivu mpaka likang'aa. Lakini bati lililokunywa mafuta ya korosho miaka na miaka haliyasahau kwa siku moja, na moto ulipopanda likayatoa, na buni ikayanywa.

Joel alikuwa na desturi ya kuonja yeye kwanza wageni wakitazama. Alipiga funda, akalishikilia mdomoni, macho juu darini, namna Mwitaliano wake alivyokuwa akifanya. Akasema ina moshi kidogo. Akapiga funda la pili, akalishikilia zaidi. Wageni waliokolewa na ubinafsi wake, maana kabla hajawamiminia, midomo ilianza kumwasha. Hadi jioni ilikuwa imevimba na kutoka malengelenge. Severina alipiga magoti akamwomba radhi, naye akamsamehe, na nasikia hata alimshika bega. Mambo yangeishia hapo kama si Khalidi.

Khalidi ni fundi cherehani wa Tandahimba, na ukoo wake na ukoo wa kina Joel ni watani tangu mababu. Utani kwetu si mzaha wa kupita. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya wakwe zako, kukuchukulia kuku wako akaondoka naye, na akifiwa mtu wa upande wako huja msibani akavaa nguo za marehemu, akatembea na kusema kama yeye, mpaka wafiwa wacheke. Na mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia umejifedhehesha wewe na waliokuzaa. Khalidi alizaliwa kwa kazi hiyo. Mtu akikatiza barabara mara moja tu, Khalidi anaweza kukurudishia mwendo wake, kikohozi chake na ubahili wake.

Basi kulikuwa na harusi hapo Masasi, midomo ya Joel bado haijapona, na Khalidi akaomba kipaza sauti.

"Bwana harusi asijione ni yeye peke yake aliyebusiwa mwezi huu," alisema. "Mtazameni mtani wangu Joel. Kabusiwa na mkorosho."

Ukumbi mzima ulilipuka. Nilikuwepo, nilicheka, kwa sababu ilichekesha. Joel naye alicheka, sheria ndiyo hiyo. Alicheka mdomo wazi, na mdomo wa chini ukapasuka, damu ikamchirizika kidevuni na kudondokea shati lake jeupe. Watu wakazidi kucheka. Naye akazidi kucheka, akijifuta kwa leso, macho yakimwangalia Khalidi, na mle machoni hamkuwa na kicheko hata chembe. Kwa miezi mingi baadaye watoto wa mtaani walimwita Bwana Mkorosho.

Hasira ya mtu lazima iende mahali. Kwa mtani haikuruhusiwa kwenda, kwa hiyo Joel aliipeleka nyumbani.

Asubuhi iliyofuata harusi ile, Severina alimletea kikombe. Alipiga funda, akalishikilia mdomoni, akatazama dari. Akakiweka kikombe mezani.

"Mwaga," alisema.

Hakupaza sauti. Severina akajibu sawa, akakibeba kikombe mpaka nyuma, akamwaga kwenye shina la mpapai. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa vilevile. Akabadilisha duka. Akaanza kwenda mwenyewe stendi kumpokea konda wa basi la Songea, akazinusa punje hapo hapo, akatafuna moja. Akaongeza ya Bukoba, akapunguza. Akajifunza kukaanga kwenye chungu kipya kisichowahi kugusa korosho. Joel alionja kila siku, kwa utulivu, bila haraka, akasema mwaga. Na jina la Mama Glory, ambalo mume yeyote mwenye adabu humwita mkewe hata wakiwa wamegombana, likatoweka kinywani mwake moja kwa moja. Akawa anamwita "wewe".

Hakumpiga hata siku moja. Majirani walimwambia dada yangu kwamba kapata bahati, mume mpole, mlokole, halewi, haendi kwa wanawake. Upole ule niliuona kwa macho yangu. Alipenda kuufanya mbele ya wageni. Severina anasimama na sinia, Joel anaonja, chumba kizima kinanyamaza kumsubiri, kisha lile neno moja, na wageni wanajifanya hawakusikia huku dada yangu akipita katikati yao na kikombe kilichojaa. Siku moja nilikichukua kikombe chenyewe nikanywa. Kilikuwa kitamu. Nikamwambia, shemeji, hii ni tamu kuliko yote niliyowahi kunywa.

"Shemeji," akaniambia, akitabasamu, "ulimi wako umezoea uraka."

Uraka ni pombe ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, na sinywi. Lakini wageni walicheka, na nilimwona Severina naye akicheka kidogo, kwa woga, kama mtu anayelipa nauli. Siku hiyo nilimfuata nyuma kwenye mpapai nikamwambia basi, funga mzigo wako twende nyumbani. Kwetu ardhi hufuata mama. Mikorosho ya mama yetu ni yake na yangu, hakuna mwanaume anayeweza kumfukuza chini yake. Nyumba ya mama ilikuwa inamsubiri, chumba chake nilikuwa nakifagia kila Jumamosi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema atakuja, lakini si leo. Atakuja siku Joel atakaposema nzuri.

Nilidhani anatania. Akanieleza taratibu, akisuuza kikombe, kwamba hawezi kuondoka nyumba ile akiwa mwanamke aliyemuunguza mumewe midomo akashindwa kumpikia kikombe kimoja cha kahawa. Anataka neno moja tu. Akilisikia, hatakaa hata mchana ule uishe. Atapanda gari lolote linalopanda Newala. Akaniambia amekaribia sana, ya juzi Joel alipiga funda mara mbili.

Nilimwambia mume wake ni mshenzi. Akaniambia nisimtukane mume wake. Tulirudi ndani tukiwa tumenuniana.

Tukaendelea hivyo miaka. Nilikuwa nateremka Masasi kununua vitenge vya biashara yangu, napitia kwake, naangalia shina la mpapai ule lilivyonenepa, ardhi ya pale nyeusi inanuka kahawa. Kila mara nilimuuliza kama amesema. Kila mara alinijibu bado, lakini. Ile "lakini" ndiyo iliyokuwa ikiniua. Lakini leo hakukunja uso. Lakini leo kakishika kikombe muda mrefu. Alikuwa anaishi kwa vijisababu hivyo, na Joel, nina hakika kama ninavyoona mkono wangu huu, alikuwa anajua, na alikuwa anampimia. Akimwona amekata tamaa anapiga mafunda mawili. Akimwona amechangamka anaonja kwa ncha ya ulimi tu.

Kisha kiharusi kikamkamata Joel, kikamlaza upande mmoja na kumchukua ulimi. Hakuweza kusema hata "maji". Severina alimuogesha, akamgeuza, akamlisha uji kwa kijiko, na kila asubuhi alichambua, akasaga, akachemsha maziwa, akamwekea kikombe mdomoni. Joel aliachia kahawa imtoke pembeni ya mdomo. Hata lile neno mwaga hakuweza kulitamka, lakini alikuwa amepata njia ya kulisema.

Asubuhi ya mwisho alikunywa yote. Severina aliniambia hivyo kwenye simu, na kwanza nilidhani ananipa habari ya kupona. Kikombe kizima, Anastasia, mpaka povu la chini. Kisha akasema, na sasa amekufa.

Tulimzika kwenye makaburi ya kanisa, kwa heshima zote, na mchungaji alisema marehemu alikuwa mtu wa kiasi. Nilikuwa nimekuja na begi kubwa tupu. Nilitaka nguo za Severina ziingie mle matanga yakiisha, hata kama ningelazimika kuzikunja mwenyewe. Mtu wa kumzuia alikuwa chini ya udongo. Nilijiona nimeshinda, na sioni aibu kusema kwamba niliposhika udongo kuutupa kaburini nilikuwa na furaha.

Siku ya pili baada ya maziko Khalidi aliingia.

Alitokea nyuma ya nyumba, ameshavaa koti la Joel la kijivu, miwani ya Joel puani, fimbo mkononi. Hakuwa Khalidi tena. Alitembea kama mtu anayeogopa kuchafua viatu, akasimama chini ya turubai, akatukagua mmoja mmoja, akavuta pumzi ya masikitiko. Wanawake wakaanza kucheka wakiwa bado na kamasi za kilio. Glory, maskini, aliyekuja kutoka Dar amevimba macho, aliangua kicheko akamwegemea shangazi yake. Khalidi akaitembelea mikeka, akanusa ugali wa msibani, akanusa kichwa cha mchungaji. Kisha akaketi kwenye kiti cha Joel, akakunja nne, akamtazama dada yangu.

"Wewe," alisema. "Kahawa."

Mwanamke mmoja akasema mfiwa hafanyi kazi. Lakini mtani akiagiza ameagiza, na Severina alikuwa ameshasimama. Tukasikia kinu kikisaga ndani, kisha mashine ikanguruma na mvuke ukalia kwenye maziwa, na wale wote waliowahi kukaa sebuleni mle wakatazamana. Akatoka na sinia. Khalidi akapiga funda, akalishikilia, macho juu ya turubai, muda mrefu, mpaka watu wakaanza kushikana mikono kwa kusubiri.

"Mwaga."

Kelele iliyopigwa hapo ilifukuza kuku. Watu walilala kwenye mikeka kwa kucheka. Mchungaji aliinamisha kichwa kuficha meno. Ndipo nilipojua kwamba walikuwa wanajua, mtaa mzima, kanisa zima, walijua neno lile na sauti ile, na kwa miaka yote walikuwa wakiyaita hayo upole. Nilitamani kuwapiga kwa lile begi langu.

Severina hakucheka. Alijibu sawa, akaenda nyuma, akamwaga kwenye mpapai, akaingia ndani tena. Kinu kikasaga tena. Akaleta kikombe kingine, kahawa nyingine, nilijua kwa harufu. Khalidi, ambaye hakutegemea, akaonja, akatazama turubai, akasema mwaga, na watu wakacheka, safari hii kidogo. Akaleta kingine. Walicheka wachache wa pembeni. Khalidi alinitazama mimi kwa juu ya miwani, na macho yalikuwa yake mwenyewe, yananiomba msaada. Glory akakimbia kumkamata jogoo, maana mtani akishapewa kitu chake hunyamaza na shughuli imekwisha. Lakini kabla hajarudi, Severina alitoka na kikombe kingine tena. Hiki hakukiweka kwenye sinia. Alikishika kwa mikono yote miwili.

"Hii ni ile ya siku ya mwisho," alimwambia Khalidi. "Nimeichagua punje kwa punje. Aliimaliza yote, lakini ulimi ulikuwa umeshakufa. Leo ulimi wake unao wewe. Niambie."

Khalidi akakipokea, akanywa, si funda la kuonja bali kunywa hasa, mpaka nusu. Nilimwona koo lake likipanda na kushuka. Aliposhusha kikombe, sauti ilikuwa ya Joel, lakini laini.

"Nzuri, Mama Glory. Hii ndiyo."

Nilifumba macho kwa kushukuru. Kichwani nilikuwa nimeshaanza kupanga kanga zake kwenye begi, zile nzuri chini, za kazi juu. Nilipofumbua, Severina alikuwa bado amesimama pale pale, anamwangalia Khalidi kama anavyoangalia punje iliyovunjika.

"Hakuwa ananiita Mama Glory," alisema. "Na asingesema hivyo. Umenihurumia. Sijakuomba unihurumie, Khalidi. Fanya kazi yako."

Khalidi akageuka kunitazama tena. Mimi nikatazama miguu yangu. Basi akairekebisha miwani, akanyoosha mabega ndani ya koti, akapiga funda, akalishikilia mdomoni, na Joel alirudi, mzima, na kile kitabasamu chake kidogo.

"Mwaga," alisema.

"Sawa," Severina akajibu.

Akakichukua kikombe mkononi mwake. Lakini hakwenda kwenye mpapai. Alikiinamisha juu ya lile koti, taratibu, kuanzia kifuani, na nusu ya kahawa iliyobaki, na maziwa, na povu, vikamshukia Khalidi mpaka mapajani. Ilikuwa bado ya moto. Khalidi alishtuka akashika mikono ya kiti, mdomo wazi, na nikaona anavyoitafuta hasira yake na anavyoikumbuka sheria. Mtani hakasirikiwi, na mtani hakasiriki. Akaanza kucheka. Alicheka huku anapumua kwa kukatakata, machozi yanamtoka chini ya miwani ya marehemu.

Severina aliinama mpaka uso wake ukawa karibu na wake, akimwangalia mdomo.

"Cheka vizuri, mtani," alimwambia. "Yeye alicheka mpaka akatoka damu."

Sijui kama wengine walielewa. Harusi ile ilikuwa ya zamani, na wengi waliocheka siku ile walikuwa wameshaisahau kabla sahani hazijaoshwa. Khalidi alielewa. Alipopewa jogoo wake na koti, kama ilivyo haki yake, alilivua koti, akalikunja upande wenye kahawa uwe ndani, akaondoka kwenda Tandahimba bila kuaga wafiwa. Kwa mtani, kuondoka hivyo ni jambo ambalo halijawahi kusikika.

Matanga yalipoanuliwa, na Glory akarudi Dar, niliingia chumbani kwa dada yangu nikafungua begi. Hakuwepo. Nilimkuta jikoni, mchana mweupe, ungo uko magotini, anachambua kahawa. Furushi la Songea lilikuwa limefunguliwa mezani. Alikuwa ameshaenda stendi na kurudi bila kuniambia. Punje zilizovunjika alizitupa upande mmoja, zilizopauka upande mwingine.

Nikamwambia gari la Newala linajaza. Nikamwambia chumba kimefagiwa, mikorosho imeanza kutoa maua, na mimi nimechoka kuishi peke yangu. Akaendelea kuchambua. Ndipo nikasema kile nilichokuwa nimekibana tangu ile simu.

"Severina, asubuhi ile shemeji alikuwa anakufa. Hata ungempa maji ya kuoshea vyombo angemeza."

Hakulia, na hakunikasirikia. Aliokota punje moja, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaitafuna polepole.

"Najua," alisema. "Ndiyo maana bado hajasema."

Kisha akaniuliza kama nikipita stendi ninaweza kumwambia konda wa Songea kwamba mzigo ujao wapunguze moto, huu umekaangwa ukazidi. Nilimwambia nitamwambia. Nilipotoka mashine ilikuwa inanguruma, na sikungoja kusikia kikombe kinakwenda wapi. Nikapanda gari, nikakaa dirishani, na lile begi nililolileta kwa ajili ya nguo zake nikalirudisha Newala likiwa tupu.